Kiwanda kimenipa "cheti cha RoHS" cha taa za mezani. Naweza kusaini tamko kwa karatasi hii?

NuruMezani

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kulipitia hili, maana zimebaki siku kumi na moja mzigo upakiwe na usingizi umenipaa.

Kampuni yetu ni ndogo, tuko watu wanne, na imesajiliwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Tumeagiza taa za mezani za LED, vipande 1,200, za kuuza kwenye soko la huko huko. Kila taa ina chaja yake ya ukutani, waya wa USB wa mita moja na nusu, na swichi ya kubonyeza kwenye kitako. Jina lililochapwa kwenye kitako ni letu, siyo la kiwanda.

Mteja wetu mkubwa ameandika barua fupi sana. Anataka nakala ya tamko la ulinganifu, yaani karatasi ambayo mtengenezaji anatangaza na kusaini kwamba bidhaa inafuata sheria, na anataka kujua jalada la kiufundi, lile faili la ushahidi wa tamko hilo, liko kwa nani. Nikawaandikia kiwanda. Wakanitumia vitu viwili: karatasi moja yenye fremu ya dhahabu na muhuri mwekundu, inayosema bidhaa inakidhi RoHS (sheria ya Ulaya inayozuia vitu hatari kwenye vifaa vya umeme), na ripoti ya maabara ya kurasa 14.

Ripoti nimeisoma mara tatu. Ni ya mwaka 2017. Vilivyopimwa ni sita: risasi, zebaki, kadimiamu, kromiamu ya valensi sita, na makundi mawili ya vizuia moto vya bromini, PBB na PBDE. Kila mstari umeandikwa kwamba hakuna kilichobainika. Ukurasa wa mwisho una picha ya sampuli: taa nyeupe yenye shingo ya kujipinda kama mrija. Ya kwetu ni nyeusi na shingo yake ni ya bawaba.

Jana jioni nikachukua bisibisi nikafungua moja. Kitako kimefungwa kwa skrubu nne za manjano zinazometameta kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Ndani kuna bodi ndogo ya kijani, na nyaya mbili zinakwenda kwenye swichi. Maungio ya kwenye bodi ni madogo na yamepangika. Yale ya kwenye swichi ni manene, yana mabaki ya gundi ya kahawia pembeni, kama yamefanywa na mtu mwingine kabisa. Waya wa USB una harufu kali ya plastiki mpya na ni laini mno, unalala mkononi kama uzi.

Sasa, ripoti hii inafaa kwa taa yangu? Nasoma kwamba vitu vilivyozuiwa ni kumi, mbona wao wamepima sita? Na nani anapaswa kusaini, mimi au kiwanda? Nijibuni kama mnavyomjibu mtu ambaye jina lake ndilo litakaloandikwa chini ya karatasi, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jalada10

Dada Nuru, usisaini bado. Kazi ya makaratasi ya bidhaa za umeme nimeifanya miaka tisa, na nimewahi kusaini tamko ambalo sikupaswa kulisaini.

Nianze na swali lako la mwisho, ndilo zito. Taa ina jina lenu. Agizo la 2011/65/EU, ambalo ndilo RoHS inayotumika sasa, linasema mwagizaji anayeingiza kifaa sokoni kwa jina au nembo yake mwenyewe anahesabiwa kuwa mtengenezaji. Wajibu wote wa mtengenezaji umehamia kwenu: kutathmini, kuandaa jalada la kiufundi, kuandika tamko na kulisaini, kuweka alama ya CE inayoonyesha kwamba bidhaa inakidhi sheria za Ulaya, kisha kutunza jalada na tamko kwa miaka 10 tangu kifaa kiingie sokoni. Lingekuwa jina la kiwanda, mngebaki waagizaji. Mngehakikisha kiwanda kimefanya hayo, mngeweka jina na anwani yenu pia, na nakala ya tamko mngeitunza kwa miaka hiyo hiyo 10. Kwa hiyo mteja akiuliza jalada liko kwa nani, jibu ni kwako.

Hicho "cheti cha RoHS" sheria haikijui. Hakuna taasisi ya nje inayotoa kibali cha RoHS. Mtengenezaji hujitathmini na kujitangaza mwenyewe, na kinachohesabika ni tamko pamoja na ushahidi ulioko nyuma yake. Karatasi ya fremu ya dhahabu iweke pembeni kabisa.

Ripoti nayo ni ya taa nyingine. Hata ingekuwa ya taa hii hii, ina miaka yake. Vile vinne unavyovitafuta ni thaleti, yaani vilainisha plastiki: DEHP, BBP, DBP na DIBP. Viliongezwa na agizo la (EU) 2015/863 na vikaanza kubana vifaa vingi tarehe 22 Julai 2019; vifaa vya tiba na vyombo vya kupimia na kudhibiti vilipewa hadi 22 Julai 2021. Maabara ya mwaka 2017 haikulazimika kuvipima. Ripoti yao inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno, na bado isikuambie lolote kuhusu waya ulioushika jana. PVC, plastiki ya kawaida ya maganda ya nyaya, yenyewe ni ngumu. Ikilala mkononi kama uzi, imetiwa kilainishi, na wewe unapaswa kujua ni kilainishi gani.

Sasa nikueleze nilivyoumia mimi. Tulikuwa tunaagiza chaja kutoka kiwanda kimoja tulichokiamini. Sampuli ya kwanza tuliipeleka maabara, ikapita, nikaandika tamko. Mkupuo wa kwanza salama, wa pili salama. Wa tatu, wakaguzi wa soko walinunua chaja moja dukani kama mnunuzi yeyote, wakaipima, wakakuta DEHP kwenye ganda la waya. Nilipowabana kiwanda, meneja akajibu bila kuficha: muuza nyaya wao alichelewa, wakachukua kwa mwingine, rangi ile ile, unene ule ule. Hakuona sababu ya kuniambia. Ripoti yangu ilikuwa halali ya waya ambao haukuwepo tena. Tulizirudisha zile chaja kutoka madukani sanduku kwa sanduku, na barua ya kila duka niliiandika mimi. Sijasahau hata moja.

Tangu hapo siombi tena ripoti ya "bidhaa". Naomba orodha ya vipuri ya mkupuo huu, kila mstari na jina la aliyekitengeneza na namba yake ya kipuri, na kwa kila mstari tamko la mletaji au matokeo ya kipimo. Na kwenye mkataba pawe na sentensi moja inayokataza kubadilisha kipuri au mletaji bila maandishi yenu ya kukubali. Sentensi hiyo moja ingeniokoa.

Huhitaji kupima kila kitu, usiogope. Kiwango cha EN IEC 63000:2018, kilichochukua nafasi ya EN 50581:2012, kinakutaka ukitazame kila kipuri kwa macho mawili: nyenzo yake ina uwezekano gani wa kubeba kitu kilichozuiwa, na aliyeileta unamwamini kiasi gani. Skrini ya kioo kutoka kwa mletaji wa miaka mingi, tamko lake linatosha. Waya laini kutoka kwa mtu usiyemjua, unapima.

MzigoFasta

Dada, alama ya CE si ipo kwenye kitako? Kama ipo, pakia. Tumeingiza kontena tano hatujaulizwa na mtu. Huyo mteja anataka karatasi, mpe karatasi.

Jalada10

Ndugu MzigoFasta, kutoulizwa mara tano ni jambo la kushukuru, lakini siyo ushahidi wa kuweka kwenye jalada. Alama ya CE anaiweka mtengenezaji mwenyewe, na hapa mtengenezaji kisheria ni yeye Nuru. Akiitegemea hiyo alama atakuwa anajitolea ushahidi mwenyewe.

Na waya si jambo dogo. Desemba 2001 Uholanzi ilizuia konsoli za PlayStation One za Sony zipatazo milioni 1.3 kwa sababu ya kadimiamu iliyokutwa kwenye nyaya. Wakati huo hata RoHS ya kwanza, 2002/95/EC, ilikuwa haijapitishwa; ilianza kubana tarehe 1 Julai 2006. Kama kampuni ya ukubwa ule ilishikwa na waya, watu wanne wenye taa 1,200 waangalie waya.

FundiLehemu

Mimi sheria siijui sana, ni fundi wa bodi. Lakini maelezo yako ya swichi yamenifanya nisimame.

Maungio manene yenye mabaki ya kahawia ni kazi ya mkono. Bodi yenyewe imepita kwenye tanuru, ambako lehemu ni ile iliyopangwa na mashine. Nyaya za swichi huunganishwa mezani na mtu mwenye pasi ya kulehemu na roli la waya kando yake. Hilo roli ndilo la kuuliza. Sisi mafundi kwa mazoea tunaita waya wowote wa kulehemu "risasi", hata ule usio na chembe ya risasi, na jina hilo linapoteza watu. Ukimuuliza meneja kwa maneno ya jumla atakujibu kwa maneno ya jumla.

Waya wa zamani ni bati 63 kwa risasi 37, unayeyuka kwenye nyuzi 183. Unaotumika sana leo kwa kazi isiyo na risasi ni bati 96.5, fedha 3, shaba 0.5, na wenyewe unaanza kuyeyuka karibu na nyuzi 217. Tofauti hiyo ukiwa mezani unaihisi. Pasi lazima iwe moto zaidi, ncha inaliwa haraka, lehemu haikimbii vizuri kwenye mguu wa swichi. Mtu anayehesabiwa vipande kwa saa akikuta roli la zamani kwenye droo, atalichukua. Hafanyi kwa ubaya, anataka kazi iende.

Usijaribu kuamua kwa macho. Watu husema lehemu yenye risasi hung'aa na isiyo na risasi huwa na ukungu na chembechembe. Mara nyingi ni kweli. Lakini nimeona maungio ya risasi yaliyotikiswa kabla ya kupoa yakawa na ukungu, na nimeona ya bati na fedha yanayong'aa kama kioo. Waombe picha ya lebo ya roli lililopo kwenye meza ya swichi, na nyingine ya meza ya marekebisho, kwa sababu bodi iliyofeli majaribio hurudi kurekebishwa kwa mkono, na huko ndiko maroli ya zamani huishia.

NuruMezani

Asanteni mno. Jalada10, pole kwa yaliyokupata, na nashukuru kwa kuyaweka wazi.

Nimewaandikia kiwanda leo asubuhi. Meneja wao wa mauzo amejibu haraka kwa hesabu ambayo imenichanganya, naiweka hapa. Anasema kikomo cha risasi ni asilimia 0.1. Taa ina uzito wa gramu 900, kwa hiyo inaruhusiwa kuwa na gramu 0.9 za risasi. Maungio ya swichi yote mawili hayafiki hata gramu moja, na risasi ndani yake ni kidogo zaidi. Kwa hiyo hata kama ni roli la zamani, tumepita. Hesabu yenyewe sioni kosa. Imekaaje?

La pili, chini ya sanduku kuna duara la rangi ya chungwa lenye mishale na namba 10 katikati. Anasema hiyo ndiyo alama yao ya RoHS.

MpimaSampuli

Dada Nuru, hesabu yake ya kuzidisha ni sahihi. Alichokosea ni anachokigawia. Kikomo hakihesabiwi kwa taa nzima. Kinahesabiwa kwa kila nyenzo moja ya namna moja, yaani kitu ambacho huwezi tena kukitenganisha kuwa vitu tofauti kwa kufungua skrubu, kukata, kuponda, kusaga au kukwangua. Asilimia 0.1 kwa uzito wa nyenzo hiyo, na kwa kadimiamu ni 0.01. Tone la lehemu ni nyenzo peke yake. Likiwa na risasi asilimia 37, limevuka kikomo mara 370, hata kama taa ina uzito wa tani.

Nikueleze ninavyoufanya waya kama wako ukifika mezani kwangu, utaelewa kila kitu hapo. Nauchana kwa wembe kwa urefu. Ganda la nje jeusi linatoka kama ngozi ya nyoka. Hiyo ni nyenzo ya kwanza, naiweka kwenye kichupa chake. Chini yake kuna karatasi nyembamba ya kung'aa, na suka la waya wa chuma. Halafu nyaya nne ndogo: nyekundu, nyeupe, kijani, nyeusi. Kila rangi ni nyenzo yake, kwa sababu rangi hutiwa kwenye plastiki, na zamani rangi nyekundu, chungwa na manjano ziliweza kutengenezwa kwa kadimiamu. Ndani ya kila ganda kuna shaba, na shaba yenyewe mara nyingi imepakwa bati. Kisha nakuja kwenye kichwa cha USB: plastiki iliyomiminwa nje, plastiki ngumu ya ndani, bomba la chuma, na mpako juu ya chuma. Waya mmoja wa mita moja na nusu umeshanipa vichupa zaidi ya kumi. Ripoti inayosema "waya wa USB, haikubainika" kwa mstari mmoja, mimi nauliza walipima kichupa kipi. Wakisaga vyote pamoja, shaba inazimua kila kitu na ganda baya linajificha.

Kuna jambo moja ambalo waagizaji wengi wanadanganyika nalo. Kiwanda kitakwambia wana mashine ya XRF, ile inayofanana na bunduki, na wanapima wenyewe kila siku. Ni mashine nzuri, mimi naitumia kila siku pia. Inapiga eksirei na kusoma elementi zilizopo. Risasi inaiona, kadimiamu inaiona, zebaki inaiona. Bromini inaiona, lakini haijui kama imetoka kwenye PBDE au kwenye kizuia moto kingine ambacho RoHS haijakizuia. Kromiamu inaiona, lakini haijui kama ni ya valensi sita. Thaleti haizioni kabisa, kwa sababu zimejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni tu, kama plastiki yenyewe inayozizunguka. Mtu akikuonyesha matokeo ya XRF na kukuambia thaleti zimepita, hajui anachokisema. Kwa thaleti, kwa kawaida kipande cha plastiki hutolewa vilivyomo kwa kiyeyusho, kisha hivyo hupitishwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali moja moja. Mbinu iko kwenye kiwango cha IEC 62321-8.

Harufu usiitegemee. DEHP karibu haina harufu, unachonusa huenda ni kitu kingine kabisa. Ulaini ni dalili ya kilainishi, lakini kuna vilainishi halali vinavyolainisha vile vile. Pima.

Kwa taa yako ningeleta haya: ganda la nje la waya wa USB, nyaya ndogo za rangi, lehemu ya swichi, skrubu za manjano, na plastiki nyeusi ya mwili. Skrubu ni kwa sababu mng'ao ule wa mafuta juu ya maji unafanana na mpako wa kromati wa zamani wenye valensi sita, ingawa siku hizi upo wa valensi tatu unaofanana nao. Tunazichemsha kwenye maji, tunatia kitendanishi, na maji yakigeuka zambarau ya waridi tunajua. Plastiki nyeusi ni kwa sababu weusi huficha asili. Plastiki iliyorejelewa kutoka maganda ya televisheni na kompyuta za zamani huja na vizuia moto vyake, na ikishatiwa nyeusi huijui tena kwa macho.

Pini za chaja zikisoma risasi usishtuke. Shaba iliyochanganywa na metali nyingine ina msamaha, namba 6(c) kwenye orodha ya misamaha ya RoHS, hadi asilimia 4 ya risasi, kwa kuwa risasi huifanya ichongeke. Vijenzi vingine vidogo vya bodi vina risasi ndani ya kioo au kauri yao, nao wana misamaha ya familia ya 7(c). Lakini misamaha ina tarehe za mwisho na hupitiwa upya, kwa hiyo kwenye jalada andika ni msamaha upi, kwa kipuri kipi, na soma maandishi yalivyo siku unayosaini.

Jalada10

Naongezea la duara la chungwa. Ile ni alama ya China, na maana yake ni kinyume na alivyokwambia. Chini ya sheria yao, kifaa kisicho na kitu kilichozuiwa kupita kikomo hupewa duara la kijani lenye herufi "e". La chungwa lenye namba linasema kuna kitu kimepita kikomo mahali fulani, na namba ni miaka ambayo kitu hicho hakitarajiwi kuvuja kifaa kikitumiwa kawaida. Yako ni miaka 10.

Hiyo si lazima iwe habari mbaya, inaweza kuwa pini za chaja zenye msamaha. Lakini alama ile hutembea na jedwali: sehemu za kifaa upande mmoja, vitu hatari upande mwingine, na kila kisanduku kina O au X. X ni kwamba nyenzo walau moja ya sehemu hiyo imevuka. Waombe hilo jedwali. Wameshaliandaa, hawawezi kusema halipo. X ikiwa kwenye mstari wa swichi, mmemaliza mjadala wa gramu 900.

NuruMezani

Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita. Kuna waliouliza nimefikia wapi.

Jedwali walilituma siku tatu baadaye. Lilikuwa na X mbili chini ya risasi: pini za chaja, na mstari ulioandikwa "swichi na nyaya zake". Nikasimamisha upakiaji siku hiyo hiyo. Nilimpigia mteja mwenyewe kwa simu kabla hajasikia kwa mtu, nikamweleza ninachojua na nisichokijua. Hakufurahi, lakini alisema nisubiri matokeo.

Nikapeleka maabara vile vipande vyote alivyotaja MpimaSampuli, kutoka kwenye taa tatu nilizozichagua mimi kwenye masanduku tofauti, siyo zile walizonichagulia. Skrubu zimepita, maji hayakubadilika rangi. Plastiki ya mwili imepita. Nyaya ndogo za rangi zimepita zote nne. Pini zilisoma risasi asilimia 2.7, ndani ya msamaha. Lehemu ya swichi ilisoma risasi asilimia 35. Na ganda la nje la waya wa USB lilikuwa na DEHP asilimia 12.4. Kikomo ni 0.1. Nilisoma namba hiyo nimesimama jikoni nikalazimika kukaa.

Ripoti niliituma kiwandani bila maneno mengi. Safari hii alijibu mhandisi, siyo mtu wa mauzo, na nashukuru alijibu kama mtu. Alikwenda kwenye meza ya swichi akakuta maroli mawili, moja jipya na moja la zamani, yamekaa tray moja. Taa zote 1,200 zimefunguliwa, swichi zimetolewa na kuwekwa mpya, nyaya za USB zimebadilishwa zote. Mletaji mpya wa nyaya ametoa tamko lenye namba ya kipuri na ripoti ya vitu vyote kumi, kila ganda mstari wake. Sikuridhika na ripoti peke yake. Niliomba sentimita ishirini kutoka kila roli la waya lililotumika, nikazipima ganda zake mwenyewe. Nilizobakiza ziko kwenye bahasha iliyofungwa, yenye namba ya mkupuo na tarehe.

Sentensi ya Jalada10 kuhusu kubadilisha vipuri imeingia kwenye mkataba. Waliomba iseme "bila taarifa", mimi nikashikilia "bila kibali cha maandishi", na imebaki hivyo.

Tamko nimeliandika wiki iliyopita. Ni moja kwa maagizo kadhaa ya Ulaya yanayoihusu taa, yakiwemo la volti ndogo na la mwingiliano wa sumakuumeme pamoja na RoHS. Nimeorodhesha msamaha wa 6(c) kwa pini kwenye jalada, nimesaini, mzigo umeondoka Jumanne.

FundiLehemu, picha ya meza ya swichi ikiwa na roli moja tu, lebo ikisomeka, nimeiweka ukurasa wa 9.

FundiLehemu

Vizuri sana dada. Waulize na ya meza ya marekebisho.

NuruMezani

Nimeiomba leo. Bado hawajajibu.